Sura ya Tano: Nyayo za Simu na Amana ya Raia

Mtu aibiwaye ng'ombe usiku katika vilima vya Tarime, au katika nchi tambarare ya Serengeti iliyo ng'ambo ya Mto Mara, hangoji jua limkute kitandani. Hupiga yowe, na majirani walisikiapo hutoka na silaha zao, na kunapopambazuka huanza kazi ambayo wenyeji wa huko wameirithi kizazi baada ya kizazi, kazi ya kufuata nyayo. Nyayo zikiingia katika ardhi ya kijiji jirani, wafuatao husimama, huwaita wazee wa kijiji hicho na kuwaonyesha, na tangu hapo wenyeji wale ndio wenye dhima ya kuonyesha mahali nyayo zilipotokea upande wa pili. Wakishindwa, deni la mifugo huwa juu yao. Kaida hii ina ukali wake, maana wengi hulipa kwa kosa la wachache, na aghalabu imezaa ugomvi baina ya koo na koo. Walakini ina sifa moja iliyo aali: ufuatiaji wote hufanyika mchana, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, na wanaotuhumiwa hujua kwamba wametuhumiwa, kwa jambo gani, na kwa madai ya nani. Sifa hiyo ndiyo nitakayoipimia habari za sura hii.

Leo kila mkazi wa wilaya hizo aliye na simu mkononi huacha nyayo za namna ya pili, na hizi hazifutwi na mvua. Simu iliyowashwa, hata kama mwenyewe hapigi wala hapigiwi, hujitambulisha kwa mnara ulio karibu ili mtandao ujue pa kuipelekea habari. Na mtu akipiga, akituma ujumbe mfupi, au akimtumia ndugu yake fedha, kampuni huandika namba iliyotuma na namba iliyopokea, siku na saa, urefu wa mazungumzo, utambulisho wa simu yenyewe, na mnara ulioshika mawimbi yake. Wataalamu huziita kumbukumbu hizo metadata. Maneno yaliyosemwa hayamo ndani yake, lakini kwa msaada wake mtu aketiye Dar es Salaam, ambaye hajapata kuiona nchi ya Mara, aweza kujua kwamba mwenye namba fulani alilala Nyamongo, akapita Nyamwaga asubuhi, akakaa Tarime mjini hadi adhuhuri, na jioni simu yake ikashika mtandao wa Kenya kwa kuwa alikuwa Sirari mpakani, mahali ambapo minara ya Isebania husikika sokoni kama ile ya kwetu.

Wako watu wema wasemao kwamba maadamu mazungumzo yao hayasikilizwi, hawana hasara katika kuandikwa kwa mambo hayo ya nje. Natamani wafikiri mara ya pili. Tufanye kwamba kijana mmoja wa kijiji kilicho jirani na mgodi ameshuhudia mtu akipigwa risasi, na kwamba katika saa moja iliyofuata amempigia mama wa aliyepigwa, kisha mwandishi wa habari, kisha wakili, na kwamba mazungumzo na wakili yamechukua dakika arobaini. Msomaji wa kumbukumbu hizo hahitaji kusikia hata neno moja. Amekwisha kumjua shahidi, amejua anakusudia nini, amewajua wasaidizi wake, na kwa kuitazama minara amejua nyumba alimolala usiku ule. Mazungumzo yenyewe mtu aweza kuyatia katika mafumbo au akayanong'oneza. Saa, mahali na namba hazina mafumbo.

Jambo hili limepimwa na wanazuoni. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya mienendo ya simu za watu milioni moja na nusu katika nchi moja ya Ulaya, zilizokwisha kuondolewa majina, nao wakaona kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote, katika watu 95 kwa kila 100. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliochunguza kumbukumbu za simu za watu zaidi ya 800 waliojitolea, waliweza kutambua kwa namba na saa pekee ni nani mwenye maradhi ya moyo na ni nani anayemiliki bunduki ya namna fulani. Ikiwa watafiti wachache, bila amri ya dola wala hazina ya serikali, waliweza kuyajua hayo kwa ridhaa ya watu wenyewe, ni dhahiri idara yenye nguvu za kisheria itaweza zaidi ya hayo bila ridhaa ya mtu yeyote.

Shauku ya dola kutaka kujua raia wake ni nani, yuko wapi na anakwenda kwa nani, haikuja na simu. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa uliwagawa Wakurya, wenyeji wa nchi hii, katika himaya mbili, na wale waliobaki upande wa Kenya waliingia katika sheria ya kipande, ambayo tangu mwanzo wa miaka ya 1920 ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa kufanya kazi kuchukua cheti chenye alama za vidole vyake na habari za waajiri wake, aghalabu ndani ya kikebe cha chuma alichokitundika shingoni. Kipande kilichukiwa, na chuki hiyo ilikuwa na haki, kwa sababu kilimfanya mtu mzima aombe ruhusa ya kutembea katika nchi aliyozaliwa. Baada ya uhuru, Tanganyika ilichagua njia iliyo tofauti: katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi, na balozi, ijapokuwa alikuwa jicho la chama na serikali, alikuwa pia jirani ajulikanaye kwa jina, aliyeweza kuulizwa, kulaumiwa na hata kuondolewa.

Jicho la zama zetu halina jina wala nyumba. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliamuru kila laini ya simu isajiliwe kwa jina la mwenyewe. Mwaka 2013 ulizinduliwa mtambo wa kusimamia mawasiliano ya simu, uitwao TTMS, ambao kusudi lake lililotangazwa lilikuwa kuhesabu simu zipitazo ili serikali ipate kodi yake kwa haki na udanganyifu uzuiwe. Juni 16, 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima, baada ya kuwekwa daftari la utambulisho wa vifaa vyote. Kisha, kuanzia Mei 1, 2019, ikatakiwa kila laini ifungamanishwe na namba ya Kitambulisho cha Taifa itolewayo na NIDA pamoja na alama za vidole. Mwisho ukawekwa Desemba 31, Rais John Magufuli akaongeza siku 20, na baada ya Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa.

Kila hatua katika hizo ilikuwa na hoja yake, na insafu yatutaka tuikiri. Ni nani asiyepata kupokea ujumbe wa kumwambia ile fedha aitume kwa namba hii? Ni nani katika Tarime asiyependa mwizi wa mifugo aliyepanga wizi wake kwa simu ajulikane? Usajili umewasaidia wapelelezi kuwapata matapeli na wauaji. Lakini hatua hizo, zikiunganishwa pamoja, zimejenga kitu ambacho hakuna hata moja iliyokitaja: zamani kumbukumbu ya simu ilikuwa habari ya namba isiyo na mwenyewe, na sasa imekuwa tarikhi ya maisha ya mtu mmoja mwenye jina, sura na vidole, iliyo tayari kusomwa siku yoyote itakapoombwa. Kwa hiyo swali la nani aweza kuiomba, na kwa idhini ya nani, limekuwa swali la uhai.

Nasema la uhai kwa makusudi. Katika tarafa ya Ingwe, Tarime, uko mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioanza kuzalisha mwaka 2002, na kuuzunguka viko vijiji vya Nyamongo, ambavyo watu wake walikuwa wakichimba dhahabu kwa mikono kabla mashine hazijaja. Mei 16, 2011 polisi waliwafyatulia risasi watu walioingia mgodini, na watu watano wakafa. Katika siku zilizofuata alifika Tarime wakili ambaye kabla ya kuwa mbunge wa Singida Mashariki alikuwa amefanya kazi kwa miaka mingi na jumuiya ya mawakili wa mazingira iitwayo LEAT, akiwatetea watu wa maeneo ya migodi. Naye ni Tundu Lissu. Alikuja kwa ajili ya suala la miili ya marehemu, akakamatwa hukohuko Tarime pamoja na wenzake wa chama cha CHADEMA. Kukamatwa kule kulikuwa kwa namna ya zamani: askari walionekana, watu waliona, na kesi ilifunguliwa katika mahakama iliyokuwa wazi.

Miaka sita baadaye, Septemba 7, 2017, Lissu alipigwa risasi nyingi mchana katika eneo la makazi ya wabunge Dodoma, akitoka bungeni, akanusurika baada ya matibabu marefu Nairobi na Ubelgiji. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo. Na Septemba 2024 gazeti la The Guardian la Uingereza lilitoa habari zilizotoka katika shauri la kazi lililokuwa mbele ya baraza moja la London, ambamo Michael Clifford, aliyekuwa mpelelezi wa kampuni ya Millicom, mmiliki wa Tigo kwa wakati ule, alidai kwamba katika majuma yaliyotangulia shambulio hilo kampuni ilikuwa ikiipatia serikali ya Tanzania habari za mahali zilipo simu za Lissu, na kwamba yeye alifukuzwa kazi kwa kulishikilia jambo hilo. Kampuni ilipinga madai yake ya kufukuzwa kwa sababu hiyo. Hakuna mahakama iliyopata kuamua kwamba habari hizo ndizo zilizowafikisha wapiga risasi kwa Lissu, nami sitasema ambalo halijathibitishwa. Lakini hata tukiacha uhusiano huo, bado liko swali zito: kama nyayo za mbunge, aliyekuwa pia rais wa chama cha mawakili, zilifuatwa usiku na mchana, ni hakimu gani aliyesoma sababu zake? Na ni nani aliyemwambia mwenye nyayo, kabla au baada? Jambo hilo alikuja kulisikia miaka saba baadaye, kutoka katika baraza la nchi ya mbali, kwa sababu mfanyakazi mmoja aligombana na mwajiri wake.

Mwananchi wa Nyamongo asomapo habari hiyo ana haki ya kujiuliza: ikiwa mtu mwenye cheo na umaarufu hakuwa na kinga, yeye asiye na cheo anayo gani? Familia za waliouawa na kujeruhiwa mgodini zilifungua madai yao katika Mahakama Kuu ya London mwaka 2013, na shauri lile liliishia katika mapatano mwaka 2015. Kesi kama hiyo husimama kwa mashahidi, na mashahidi hupatikana kwa simu. Mahali ambapo mtu anaamini kwamba kumpigia wakili ni kujiandikisha katika daftari la washukiwa, haki hufa kabla ya kufika mahakamani, nayo hufa kimya, kwa maana simu ambayo haikupigwa haiandikwi popote.

Tuvuke sasa Mto Mara tuingie Serengeti, ambako habari hizihizi zina uso mwingine. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, lakini takwimu za taifa za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba katika mkoa wa Mara asilimia 32 ya wanawake walikuwa wamekeketwa. Na miongoni mwa Wakurya msimu wake huja Desemba, katika miaka igawanyikayo kwa mbili. Msimu unapokaribia, wasichana hukimbia nyumbani, wengine usiku, kuelekea nyumba salama, kama ile ya Mugumu inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, au kituo cha Masanga upande wa Tarime. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map, wengi wao wakiwa nchi za mbali, wamechora katika ramani za wazi vijiji, njia na mito ambayo haikuwamo katika ramani yoyote, ili polisi na waokoaji wapate kumfikia binti kabla ya ngariba. Na wahamasishaji wa vijijini hupeleka kwa simu habari za hatari zilizo karibu nao.

Hapa mahali na saa vimeokoa mwili na utu wa mtoto, na yeyote asemaye kwamba kumbukumbu za mahali ni shari tupu hajazungumza na binti aliyefikiwa kwa wakati. Lakini habari ileile imwokoayo ndiyo iwezayo kumwangamiza. Baba mwenye hasira, au mjomba aliyekwisha kupokea ng'ombe wa mahari, akimpata mtu mmoja ndani ya kampuni ya simu au kituo cha polisi atakayemtafutia kwa ahadi ya fedha namba ya mwisho aliyoipiga binti na mnara ulioshika simu yake, atajua njia aliyoishika na mama aliyemficha. Mama huyo pengine alipiga simu tatu tu usiku ule: kwa dada yake, kwa mchungaji, na kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu hizo tatu, zikisomwa na mwokozi, ni ushahidi wa ujasiri wake. Zikisomwa na ukoo uliomkasirikia, ni hukumu yake. Kwa hiyo watu wa nyumba salama hulinda orodha zao kwa hadhari kubwa, na adabu yao yafaa kuigwa na walio wakubwa kuliko wao: huchukua habari inayohitajika kwa kazi iliyopo, huwapa wachache wanaohusika, nao huihesabu kuwa amana ya binti, isiyo mali ya shirika.

Katiba yetu haiko mbali na adabu hiyo. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 yampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi, kisha yaagiza kwamba mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kisheria wa namna haki hiyo iwezavyo kuingiliwa. Tatizo liko katika utaratibu uliowekwa. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 chamruhusu mkuu wa kituo cha polisi, kwa amri yake mwenyewe, kumtaka mwenye kuhifadhi data aitoe kwa ajili ya upelelezi. Jamii Media, wenye jukwaa la JamiiForums, walikipinga kifungu hicho na chenzake cha 38, na Mahakama Kuu mwaka 2017 haikukubali kuvibatilisha. Na mkurugenzi wao, Maxence Melo, aliyekamatwa Desemba 2016 kwa kutowataja wachangiaji wake, alitiwa hatiani Aprili 2020 kwa kuzuia upelelezi, akatozwa faini ya shilingi milioni tatu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeleta faraja: imeweka kanuni kwamba habari ya mtu ichukuliwe kwa kusudi halali na isitumiwe nje ya kusudi hilo, na imeunda Tume iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Hata hivyo sheria hiyo yenyewe imeacha mlango kwa mambo ya usalama wa taifa na uzuiaji wa uhalifu, na mlango huo ndio upitiwao na maombi tunayoyazungumzia.

Nchi nyingine zimepita katika mashaka haya. Ufichuzi wa Edward Snowden mwaka 2013 uliwaonyesha Wamarekani kwamba serikali yao ilikuwa ikikusanya kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu wasiotuhumiwa kwa lolote. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha agizo lililozilazimisha kampuni kuhifadhi kumbukumbu za watu wote. Na mwaka 2018 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, katika shauri la Timothy Carpenter, ambaye polisi walikuwa wamechukua habari za mahali ilipokuwa simu yake kwa siku 127, iliamua kwamba polisi hawana budi kupata kwanza hati ya hakimu. Carpenter alituhumiwa kwa wizi wa kutumia silaha. Mahakama haikumtetea mwizi, ilimtetea kila mtu mwenye simu.

Ninalolitaka kwa Tarime na Serengeti, na kwa Tanzania nzima, ni jambo la wastani. Dola ina haki ya kufuata nyayo za mwizi wa mifugo, za ngariba na za muuaji, na tena ina wajibu. Ila kila ombi la kumbukumbu za simu lipelekwe mbele ya hakimu, likitaja jina, sababu na siku zinazotakiwa. Pale ambapo uhai uko hatarini na muda hautoshi, polisi wachukue kwanza, kisha watoe maelezo mahakamani kabla ya siku kwisha. Upelelezi ukikamilika, mhusika ajulishwe kwamba nyayo zake zilifuatwa, ili aliyedhulumiwa apate pa kudai. Kampuni za simu zitangaze kila mwaka zimepokea maombi mangapi na zimekataa mangapi, na mtumishi auzaye kumbukumbu za mteja ashitakiwe kama auzaye mali ya wizi.

Hakuna katika hayo lililo zito kwa serikali yenye nia njema. Mahakama ya Wilaya iko Tarime na iko Mugumu, Mahakama Kuu ina kanda yake Musoma, na hakimu aweza kufikiwa kwa simu usiku wa manane. Kinachohitajika ni Bunge kurekebisha kifungu cha 32 ili saini ya hakimu ikae mahali pa amri ya mkuu wa kituo, na kuibana misamaha ya sheria ya mwaka 2022 ili Tume ipewe uwezo wa kukagua maombi hata yale yatolewayo kwa jina la usalama. Mbunge wa Tarime au wa Serengeti ajaye kuomba kura aulizwe jambo hilo hadharani, mbele ya watu wote, na jibu lake liandikwe.